Carlos Chagas: Daktari aliyemkuta adui kwenye nyufa za nyumba ya mkulima

MWANZONI mwa karne ya 20, katika vijiji vya jimbo la Minas Gerais nchini Brazil, mkulima alipozima taa yake na kulala, wageni walianza kutoka kwenye nyufa za ukuta. Walikuwa wadudu weusi wenye madoa mekundu, jamii moja na kunguni lakini wakubwa zaidi, wengine wakifikia urefu wa sentimeta tatu. Walishuka taratibu, wakamfuata aliyelala, wakanyonya damu yake bila kumwamsha, kisha wakarudi mafichoni kabla ya kupambazuka.

Wenyeji waliwaita vinyozi, kwa Kireno barbeiro, kwa kuwa wadudu hao hupenda kuuma usoni, sehemu ambayo mtu aliyejifunika shuka huiacha wazi. Waliwazoea kama mtu anavyozoea panya ghalani. Ni kero, lakini si jambo la kumpeleka mtu hospitali.

Katika vijiji hivyo hivyo kulikuwa na jambo lingine ambalo watu walishalizoea. Wanaume wenye umri wa miaka 30 au 40, waliokuwa wakilima na kuchunga, walianza kuchoka bila sababu, kuvimba miguu na kuhema. Wengine walianguka ghafla na kufa. Hakuna aliyeunganisha vifo hivyo na mdudu wa ukutani. Aliyefungua njia ya kuviunganisha alikuwa daktari kijana aliyetumwa huko kwa kazi nyingine kabisa, Carlos Chagas.

Mtoto wa shamba la kahawa

Carlos Ribeiro Justiniano Chagas alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1870 katika shamba la familia yake karibu na mji wa Oliveira, Minas Gerais. Jimbo hilo liko bara, kaskazini mwa Rio de Janeiro, na lilijulikana kwa madini, ng'ombe na kahawa. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa. Alifariki mtoto huyo akiwa na umri wa miaka minne tu, na mama akabaki kuendesha mashamba na kulea watoto peke yake.

Mwaka 1888, wakati Brazil ilipofuta utumwa, Carlos alikuwa shule ya bweni ya mapadri Wajesuiti huko Itu, jimbo la São Paulo. Zilienea habari kwamba mashamba yalikuwa yakivamiwa. Kijana huyo akamhofia mama yake, akatoroka shuleni kwenda nyumbani, na shule hiyo ikamfukuza.

Mama alitaka mwanawe awe mhandisi wa migodi. Carlos alipelekwa Ouro Preto kujiandaa kwa masomo hayo, lakini akaugua na kurudi nyumbani. Mjomba wake aliyekuwa daktari ndiye aliyemvuta kwenye udaktari. Akajiunga na chuo cha udaktari mjini Rio de Janeiro na kumaliza masomo mwanzoni mwa miaka ya 1900, baada ya kuandika tasnifu kuhusu malaria na damu.

Utafiti wa tasnifu hiyo ulimpeleka kwenye taasisi ya Manguinhos, nje kidogo ya Rio, iliyoongozwa na Oswaldo Cruz, mtu aliyepambana na homa ya manjano na tauni katika mji huo. Cruz alimtaka abaki pale, lakini Chagas alipendelea kutibu wagonjwa. Mwaka 1904 alioa, na mwaka uliofuata akapata kazi iliyobadilisha fikra zake.

Moshi wa pareto ndani ya nyumba

Mwaka 1905 kampuni iliyosimamia bandari ya Santos ilikuwa ikijenga mtambo wa umeme wa maji huko Itatinga, jimbo la São Paulo. Malaria iliwaangusha wafanyakazi hadi kazi ikakwama. Chagas akaitwa kusaidia.

Wakati ule silaha kuu dhidi ya malaria ilikuwa kukausha madimbwi na kuua viluwiluwi wa mbu majini, kazi yenye gharama kubwa na isiyowezekana porini. Chagas alilitazama tatizo kwa upande mwingine. Aliona kwamba mbu hunyonya damu usiku ndani ya nyumba, kisha hutua ukutani akiwa mzito kwa shibe. Kwa hiyo, alisema moyoni, vita na ipelekwe kwenye ukuta na si kwenye dimbwi peke yake. Akaziba nyumba za wafanyakazi na kuzifukiza kwa moshi wa pareto, zao lile lile ambalo wakulima wa nyanda za juu za Tanzania na Kenya wanalifahamu kwa maua yake meupe. Wagonjwa waliwekwa mbali na mbu na kupewa kwinini.

Katika muda wa miezi michache mlipuko huo ulidhibitiwa. Mwaka 1906 Chagas alijiunga na taasisi ya Cruz, na mwaka 1907 alitumia mbinu hizo Xerém, kwenye kazi za kuleta maji mjini Rio de Janeiro. Tangu hapo aliamini kwamba malaria kwa sehemu kubwa ni ugonjwa unaopatikana nyumbani. Miongo kadhaa baadaye fikra hiyo ya kupambana na mbu ukutani ilitumika duniani kote. Upuliziaji wa dawa ukoko majumbani, uliofanyika Zanzibar kuanzia mwaka 2006 na mkoani Kagera kuanzia mwaka 2007, unafuata njia hiyo hiyo.

Behewa lililogeuzwa maabara

Mwaka huo huo wa 1907 reli ya Central do Brasil ilikuwa ikisogezwa kaskazini kupitia bonde la mto das Velhas, kuelekea Pirapora kwenye mto São Francisco. Malaria ilisimamisha kazi tena. Cruz akamtuma Chagas pamoja na daktari mwenzake, Belisário Penna.

Kituo chao kilikuwa kijiji kidogo kilichokuja kuitwa Lassance, kwa jina la mhandisi wa reli hiyo. Chagas aliishi ndani ya behewa la treni. Behewa hilo lilikuwa chumba chake cha kulala, maabara yenye hadubini, na zahanati ambako wanakijiji walipanga foleni. Aliishi hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja, akitibu watu na kuchunguza damu za wanyama wa porini na wa kufugwa.

Mwaka 1908, wakiwa safarini kuelekea Pirapora, madaktari hao walilala kwenye kambi ya wahandisi. Mkuu wa wahandisi, Cantarino Mota, akawaonyesha mdudu anayeitwa kinyozi na kuwaeleza jinsi alivyojaa kwenye nyumba za maskini. Kwa mtu mwingine yangekuwa mazungumzo ya jioni tu. Chagas, aliyekuwa ameshawafuatilia mbu ndani ya nyumba kwa miaka mitatu, aliona jambo moja mara moja. Mdudu anayenyonya damu ya watu kila usiku, na anayeishi ukutani mwao, anaweza kuwa amebeba ugonjwa.

Mdudu kwanza, mgonjwa baadaye

Kwa kawaida madaktari huanza na mgonjwa, wakatafuta kimelea, kisha wakatafuta kinachokieneza. Chagas alianzia mwisho. Alipasua matumbo ya wadudu hao na kuyaweka chini ya hadubini. Ndani ya utumbo wa nyuma akaona vimelea vidogo vyenye mkia, vinavyocheza.

Pale Lassance hakuwa na wanyama wa kujaribia ambao alikuwa na hakika kwamba hawana maambukizi. Akawatuma wadudu kwa Cruz mjini Rio de Janeiro. Huko waliachwa wawanyonye tumbili wadogo waliofugwa kwenye maabara. Baada ya wiki chache tumbili hao wakaugua, na damu yao ikakutwa na vimelea ambavyo sayansi ilikuwa haijavijua. Chagas akaviita Trypanosoma cruzi, kwa heshima ya mwalimu wake.

Wafugaji wa Afrika Mashariki wanawafahamu ndugu wa vimelea hivyo. Ni jamii moja na vile vinavyoenezwa na mbung'o, ambavyo husababisha nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Katika miaka hiyo hiyo malale yaliwaua watu wengi mno kando ya Ziwa Victoria, hasa upande wa Uganda, na mwaka 1903 David Bruce alikuwa ameonyesha kwamba mbung'o ndiye anayeyaeneza. Kwa hiyo Chagas alijua uzito wa alichokishika. Kilichobaki kilikuwa kujua kama kimelea chake kinaingia pia kwa watu.

Akarudi Lassance na kuanza kupima damu nyumba kwa nyumba. Alikipata kwanza kwa paka. Kisha, tarehe 14 Aprili 1909, alikipata katika damu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyekuwa na homa na uvimbe, katika nyumba iliyojaa wadudu hao. Siku chache baadaye Cruz alitangaza habari hizo mbele ya chuo cha taifa cha wanataaluma wa udaktari mjini Rio de Janeiro.

Hivyo mtu mmoja, ndani ya muda mfupi, alikuwa amegundua kimelea, mdudu anayekieneza, wanyama wanaokihifadhi na ugonjwa wenyewe kwa binadamu. Ni jambo la nadra sana katika historia ya udaktari. Mtoto yule hakufa kwa ugonjwa huo. Aliishi zaidi ya miaka 70, na alipopimwa miongo mingi baadaye vimelea vilikuwa bado viko ndani ya damu yake.

Nyumba, banda la kuku na msitu

Chagas na waliomfuata walieleza hatua kwa hatua jinsi ugonjwa huo unavyojengwa na mazingira ya nyumba ya mkulima.

Nyumba nyingi za Lassance zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa kwa nyasi au makuti. Udongo ukikauka hupasuka. Ukuta usiokandikwa upya huwa na mamia ya nyufa, na kila ufa ni chumba cha mdudu. Humo hutaga mayai, humo hujificha mchana. Tangu anapoanguliwa hadi anapokomaa hupitia hatua tano za kujibadili, na katika kila hatua lazima apate damu. Dume na jike wote hunyonya, tofauti na mbu ambaye jike tu ndiye anayeuma.

Mdudu huyu hazaliwi na kimelea. Hukipata kwa kunyonya damu ya mtu au mnyama mwenye maambukizi, na hapo hubaki nacho maisha yake yote. Chagas mwanzoni alidhani kwamba kinaingia mwilini kupitia kuumwa, kama ilivyo kwa mbu. Hapo alikosea, na mwaka 1912 Mfaransa Émile Brumpt alionyesha njia yenyewe. Mdudu akishashiba hunya hapo hapo karibu na jeraha. Aliyelala hujikuna, akapaka kinyesi kile kwenye jeraha, jichoni au mdomoni, na vimelea vikaingia.

Mifugo nayo ina nafasi yake. Kuku hashiki kimelea hiki, kwani hufa ndani ya damu ya ndege. Lakini kuku ni chakula kizuri cha mdudu. Kuku wanaolala ndani ya nyumba, au kwenye banda lililoegemea ukuta wa chumba cha kulala, huwalisha wadudu wakaongezeka kwa wingi. Mbwa na paka ni hatari kwa namna nyingine, kwa sababu wao hushika kimelea na kukihifadhi. Nyumba yenye kuku na mbwa wanaolala ndani ina kinachowazidisha wadudu na kinachowaambukiza, vyote chini ya paa moja. Rundo la kuni au mawe lililoachwa kando ya ukuta muda mrefu huongeza maficho.

Mwaka 1912 Chagas alikikuta kimelea hicho kwa armadilo, mnyama wa porini mwenye gamba gumu anayefanana kidogo na kakakuona, na kwa mdudu aliyeishi kwenye shimo la mnyama huyo. Ikadhihirika kwamba ugonjwa ulikuwako msituni kabla ya kufika kijijini, ukizunguka kati ya wanyama na wadudu wa porini. Misitu ilipofyekwa kwa ajili ya mashamba na reli, wanyama wakapungua. Baadhi ya wadudu walihamia kulikokuwa na damu ya uhakika na nyufa za kujificha, yaani kwenye nyumba ya mkulima.

Sifa na lawama

Heshima zilikuja haraka. Mwaka 1910 chuo cha taifa cha udaktari kilimfanya mwanachama ingawa hapakuwa na kiti kilicho wazi. Mwaka 1912 alipewa tuzo ya Schaudinn huko Hamburg, Ujerumani. Kati ya mwaka 1912 na 1913 aliongoza safari ya Amazon kuchunguza maradhi yaliyowamaliza wagema mpira. Cruz alipofariki mwaka 1917, Chagas alishika uongozi wa taasisi ambayo sasa ilibeba jina la mwalimu wake, na akaiongoza hadi kifo chake. Mwaka 1918, homa ya mafua ya Kihispania ilipoingia Rio de Janeiro, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupanga hospitali za dharura. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1926 aliongoza idara mpya ya taifa ya afya ya jamii.

Hata hivyo, vyeo huleta maadui, na Chagas alikuwa amewapa silaha. Katika vijiji vya Minas Gerais kulikuwa na watu wengi wenye goita, ule uvimbe wa shingo. Kwa kuwa aliwakuta katika nyumba zile zile zenye wadudu, aliihesabu goita kuwa dalili ya ugonjwa wake. Haikuwa hivyo. Watafiti walipokwenda Argentina, walikuta wadudu wenye vimelea lakini hawakuona wagonjwa wa namna aliyoieleza Chagas. Wakaanza kujiuliza kama ugonjwa huo una uzito wowote.

Mwaka 1922 mashaka hayo yalifika kwenye chuo cha taifa cha udaktari. Baadhi ya wenzake walidai kwamba ugonjwa huo ni wa watu wachache wa Lassance tu, na wengine wakataka kumnyang'anya sifa ya ugunduzi. Kulikuwa na jambo jingine nyuma ya maneno hayo. Chagas alikuwa akisema kwamba mamilioni ya watu wa mashambani wanaumwa na wanadhoofika kwa sababu ya nyumba wanamolala. Serikali na matajiri waliotaka kuvuta wahamiaji na mitaji kutoka Ulaya hawakupenda picha hiyo ya nchi yao. Tena dawa aliyoipendekeza ilikuwa ghali. Ilihitaji kujenga upya nyumba za maskini, na wengi wa maskini hao waliishi kwenye ardhi isiyo yao, mahali ambapo hakuna anayejenga nyumba ya kudumu.

Mjadala ulichukua mwaka mzima. Mwishoni mwa mwaka 1923 chuo kilikubali kwamba ugunduzi ni wa Chagas, lakini kikakwepa kusema ugonjwa umeenea kiasi gani. Kwa mkulima wa Minas Gerais jibu hilo halikuwa na faida. Bila kukubali ukubwa wa tatizo hakuna fedha iliyotengwa, na nyufa zikabaki kama zilivyokuwa.

Jina la Chagas lilikuwa limependekezwa kwa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 na tena mwaka 1921. Hakupewa. Mwaka 1921 tuzo ya udaktari haikutolewa kwa mtu yeyote. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo mjini Rio de Janeiro tarehe 8 Novemba 1934, akiwa na miaka ya hamsini na kitu, kabla ya kuona nchi yake ikichukua hatua kubwa dhidi ya ugonjwa wenye jina lake.

Baada ya kifo chake

Mambo yalianza kubadilika mwaka mmoja baadaye. Mwaka 1935 Cecilio Romaña wa Argentina alieleza dalili rahisi ya ugonjwa ukiwa mpya, yaani uvimbe wa jicho moja, pale kinyesi cha mdudu kinapoingia jichoni. Sasa daktari wa kijijini aliweza kuutambua hata bila vifaa vingi, na wagonjwa wakaanza kuonekana katika nchi moja baada ya nyingine.

Mwaka 1943 mwanafunzi wa Chagas, Emmanuel Dias, alifungua kituo cha utafiti huko Bambuí, Minas Gerais. Yeye na wenzake waliwapima mamia ya wakulima mioyo kwa mashine. Mwaka 1948 walieleza bila utata jinsi kimelea kinavyokaa mwilini kimya kwa miaka 10, 20 au hata 30, kikila misuli ya moyo. Goita iliwekwa kando, lakini kiini cha maneno ya Chagas kuhusu moyo kilithibitika. Leo inajulikana kwamba kati ya watu 10 walioambukizwa, hadi watatu hupata madhara ya moyo, na wengine hupata matatizo ya umio au utumbo mpana.

Dias pia alitafuta njia ya kuua wadudu. DDT, iliyosifiwa kwa mbu, haikufua dafu kwa kinyozi. Dawa nyingine, BHC, ilifanya kazi, na mwaka 1950 Brazil ilianza kampeni ya kupulizia nyumba. Tangu miaka ya 1980 kazi hiyo imefanywa zaidi kwa pareto za viwandani, dawa zilizotengenezwa kwa kuiga kile kilichomo ndani ya ua la pareto. Chagas alikuwa ametumia ua lenyewe mwaka 1905.

Mwaka 1991 nchi za Argentina, Bolivia, Brazil, Chile, Paraguay na Uruguay zilikubaliana kupambana kwa pamoja. Uruguay ilitangazwa kuwa imekomesha maambukizi kupitia mdudu mkuu wa majumbani mwaka 1997, Chile mwaka 1999 na Brazil mwaka 2006. Dawa ya kupulizia ilifanya sehemu ya kazi. Sehemu nyingine ilifanywa na saruji, lipu, chokaa na bati.

Ugonjwa haujaisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni saba wana maambukizi, wengi wao wakiwa Amerika ya Kusini na ya Kati, na wengi hawajui. Kuna dawa mbili za kuutibu, zote za miaka ya 1960 na 1970, ambazo hufanya kazi vizuri zaidi maambukizi yakiwa mapya. Tangu mwaka 2020 tarehe 14 Aprili, siku ambayo Chagas alimpima mtoto wa Lassance, huadhimishwa kuwa siku ya dunia ya ugonjwa huo.

Hasara kwa wauza juisi

Wafanyabiashara wadogo nao walipata funzo lao. Mwaka 2005, katika jimbo la Santa Catarina kusini mwa Brazil, watu waliokunywa juisi ya miwa kwenye vibanda vya kando ya barabara kuu waliugua ghafla, na wengine wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wadudu wenye vimelea walikuwa wamesagwa pamoja na miwa. Uuzaji wa juisi hiyo ukasimamishwa jimboni, hata kwa wale ambao miwa yao ilikuwa safi. Katika jimbo la Pará, kaskazini, hali kama hiyo imetokea kwa juisi ya tunda la açaí, ambalo ni riziki ya maelfu ya familia. Kinga ilikuwa ya kawaida kabisa, yaani kuchambua na kuosha mavuno, kuyachovya kwenye maji ya moto, na kutoweka taa juu ya mashine usiku, kwa sababu mdudu aliyekomaa huruka kufuata mwanga.

Nyumba ni sehemu ya shamba

Ugonjwa wa Chagas makazi yake ni Amerika, na mkulima wa Dodoma au Kitui hana sababu ya kumwogopa kinyozi. Lakini nyumba aliyoieleza Chagas anaifahamu. Papasi, wanaoeneza homa ya papasi, hujificha kwenye sakafu ya udongo na nyufa za ukuta, hutoka usiku na kurudi mafichoni kama yule wa Lassance. Mbu wa malaria bado hutua ukutani akiwa ameshiba, kama alivyotua Itatinga.

Mambo ambayo Brazil iliyafanya baada ya miaka mingi ya kubishana si mageni kijijini. Ukuta ukandikwe upya kila unapopasuka, au upigwe lipu fedha ikipatikana. Kuku wajengewe banda lao mbali na chumba cha kulala. Mbwa alale nje. Kuni zisirundikwe ukutani kwa miezi. Chandarua kichomekwe chini ya godoro.

Mkulima hupanga bajeti ya mbegu, mbolea na dawa ya mifugo, na ukuta wa nyumba husubiri msimu mzuri ambao mara nyingi haufiki. Hesabu iliyoanzia Lassance inasema vingine. Mtu mmoja mwenye nguvu akianguka akiwa na miaka 35, hasara yake huzidi mavuno ya misimu mingi, na familia inayobaki hulima eneo dogo kuliko mwanzo. Mama yake Carlos Chagas, aliyebaki na mashamba ya kahawa na watoto wadogo baada ya kufiwa na mumewe, aliijua hesabu hiyo kabla mwanawe hajajifunza kushika hadubini.